Jinsi Elwood Tuttle Alivyoudaka Mpira wa Uzi wa Buluu

Acheni mlifanyalo, enyi wenye masikio! Anayesonga ugali na aushushe mwiko, anayefua na aache povu litulie, na mwenye simu na aizime, kwa maana leo nalitoa kifuani jambo zito ambalo Ohio nzima ilipaswa kulijua na hailijui, kwa uvivu wake. Sitawasimulia wafalme, wafalme wamesimuliwa hadi wamechakaa. Nawasimulia Elwood Tuttle wa Harlan Mills, mwana wa Prentiss, Mtunza Ngozi Kuukuu, Simba wa Minada ya Uani, Mwenye Magoti Yaliayo, ambaye Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mbele ya halaiki ya watu na mbwa kadhaa, aliudaka mpira.

Naam, aliudaka. Mnacheka? Haya, chekeni, mkimaliza mniambie.

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye nahodha wa Wakata Majani wa Harlan Mills, nami ndiye mlinzi wa kituo cha tatu, na ushahidi wangu ni hiki kidole cha shahada kilichovimba kama muhogo. Maana sisi hatuchezi besiboli hii ya kwenye televisheni, ya glavu pana kama sinia. Sisi twacheza ile ya mababu: mikono mitupu, fulana za sufu katikati ya jua, ndevu kwa mwenye nazo, na mwamuzi kavaa kofia nyeusi ndefu kama dohani. Sheria zetu ni zile za mwaka uliofuata vita vya Kaskazini na Kusini. Mpigaji akivizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, ni bao; watatu wakitoka, zamu yao imekwisha. Kwa sheria hizo, mpira ukidunda chini mara moja tu nao ukadakwa, mpigaji ametoka. Ukidakwa kwa kofia badala ya mikono, haihesabiki, na aibu ni yako. Mpira mmoja huuanza mchezo na huohuo huumaliza. Na mchezo ukiisha, walioshindwa huwakabidhi washindi mpira ule, nao washindi huuandika kwa rangi ya dhahabu, tarehe na mabao, wakauweka kabatini uwatie wenzao uchungu kizazi hata kizazi.

Na aliyetufundisha haya yote ni nani, kama si Elwood? Alituhubiria kwa kinyozi, alituhubiria harusini, na siku ya kumzika ami yake alisimama kando ya jeneza akamweleza mchungaji kanuni ya mpira uliodunda, hata mchungaji akasahau marehemu aliitwa nani. Lakini sikilizeni ajabu, enyi waungwana: mjuzi huyu wa sheria zote za kudaka hakuwa amepata kudaka hata siku moja. Mpira ukimjia, yeye huutazama. Huutazama mshono, huitazama ngozi inavyozunguka juani, akastaajabu kwa uzuri wake, nao ukampita. Ndiyo maana nilimweka pembe ya kulia, mbali kabisa, palipojaa vichuguu vya fuko, ambako mpira haufiki ila umepotea njia.

Sasa nawapa habari za mpira wenyewe, na tuusemee kwa adabu. Ulikuwa mdogo, wa hudhurungi, kama kiazi kilichosahauliwa jivuni. Ngozi yake ilikuwa kipande kimoja kilichokatwa mfano wa ganda la chungwa na kukunjwa, na upande mmoja ulikuwa na kiraka cha uzi wa buluu. Kwa mpira huo mababu wa Harlan Mills waliwapiga mababu wa Cutlerville katika mchezo wa kwanza kabisa baina ya miji hii miwili. Mshono ukapasuka katikati ya vita, mshona hatamu mmoja akauchukua, akaushona papo hapo kwa uzi wa kutengenezea hatamu, mchezo ukaendelea. Haukuandikwa dhahabu, kwa sababu fundi wa kuandika mabango alikuwa mmoja tu katika wilaya nzima, naye alikuwa mtu wa Cutlerville, na alipoombwa alisema ni heri ainywe rangi yake. Elwood aliuokota katika mnada wa uani kwa kitukuu wa mshona hatamu, ndani ya ndoo ya vitasa vya mlango, akapewa na kisa chake. Tangu siku hiyo aliulaza ndani ya soksi ya kijivu, gizani, na jua halikupata kuuona tena.

Basi fitina ikaingia nyumbani kwa Tuttle, ikavaa glavu nyeupe za pamba. Iliitwa Bwana Lionel Fairbank, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Cleveland. Aliketi mezani jikoni, akauinua mpira kwa ncha za vidole, akaupigia lenzi yake, akahema.

"Ngozi safi," akasema. "Haina pigo jipya, haina maandishi. Thamani yake ndiyo hiyo, Bwana Tuttle: haijaguswa."

"Na historia yake je?"

"Historia ni maneno. Mimi nanunua ngozi."

"Bila maneno hiyo ngozi ni kisigino cha kiatu!" akanguruma Elwood. "Ewe mtu wa glavu! Mpira huu umezisikia sauti za waliotoka vitani! Umepigwa na watu waliotaka kusahau bunduki!"

Verna, mkewe, alikuwa jikoni akikoroga mchuzi, amevaa kofia ya kuogea. Si kwa urembo. Paa la jikoni lilikuwa linavuja miaka nenda miaka rudi, na mvua ikinyesha, mwanamke yule hupika huku matone yakimpiga utosini.

"Elwood," akasema bila kugeuka, "hicho kisigino kinatosha paa?"

"Kinatosha paa, mama," akadakia Fairbank, "na mifereji yake, na chenji ya kupaka rangi."

"Basi mwuzie mwenye glavu, nipike kichwa kikavu. Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na soksi."

Hapo shujaa akaingia katika vita vya moyo, ambavyo ni vibaya kuliko vya mapanga. Akimtazama mkewe anasema nauza. Akiutazama mpira anasema siuzi. Akawa anazunguka jikoni akikwepa matone, mara kafika, mara karudi. Alinijia dukani kwangu akaniuliza: "Nahodha, kitu kinachopendwa kina bei?" Nikamwambia kila kitu kina bei, muulize Verna. Sikumsaidia, najua, lakini nilikuwa na wateja. Mwishowe mapenzi ya mke yakashinda. Akamwapia Verna kwamba Jumamosi, mchezo na Cutlerville ukiisha, Fairbank atachukua mpira na Verna atapata paa. Akaapa, kisha akaenda kuketi kwenye gari lake akalia.

Sasa, Wakata Majani hutumia mipira ya kuiga ule wa kale, na mwigaji ni Elwood mwenyewe. Hushona mipira ile kwa mkono wake, akaichemsha katika chai, akaisugua kwa tope la mto, akailaza jivuni, akaiweka kila mmoja katika soksi yake ya kijivu, hata ikafanana na ule wa kale kama pacha na pacha. Alijigamba kuwa hata malaika hawezi kuitofautisha. Basi, asubuhi ile malaika hakuulizwa. Aliulizwa Elwood, bila miwani, huku mkewe akipiga honi nje, naye akachukua soksi ya kijivu akaiacha soksi ya kijivu. Akamkabidhi mwamuzi soksi imefungwa, kama desturi, na mchezo ukaanza.

Nitayaruka mapigano ya asubuhi, ingawa humo mimi mwenyewe nilifanya mambo ya kishujaa ambayo hakuna aliyeyaandika. Tufike mwisho. Awamu ya mwisho kabisa, Cutlerville wanapiga, sisi tunaongoza kwa mabao manne, watu wao wawili wamekwisha kutoka, amebaki mmoja tumtoe tukale. Wawili wao wamesimama vituoni. Akaja mpigaji wao, jitu la kufuga nguruwe, akauchapa mpira, nao kwa ukaidi wake ukaelekea pembe ya kulia.

Elwood akautazama. Ukapita katikati ya miguu yake. Akaufuata kwenye vichuguu, akainama, magoti yakalia hata sisi tukayasikia, akauokota. Kisha hakufanya kitu.

"Tupa mpira!" nikapaaza sauti.

Hakutupa. Aliusogeza puani kama mtu anayenusa samaki, akauona uzi wa buluu. Jamani! Alitoa ukelele ambao sijausikia kwa binadamu, akaukumbatia mpira kifuani kwa mikono yote miwili, akapiga magoti.

"Tupa mpira, we mzee! Wanakimbia!"

"Siwezi! Ndiye mwenyewe! Nahodha, ndiye mwenyewe!"

Walikimbia kweli. Mwisho hata hawakukimbia, walitembea, mfuga nguruwe akipungia watu mkono kama bwana arusi. Mabao matatu. Tulikuwa tunaongoza kwa manne, sasa tunaongoza kwa moja, na mtu wetu yuko magotini anabembeleza kiazi.

Tukamwendea wote, sisi na adui. Mbele ya adui alitangulia nahodha wao, Delbert Krause, Nyundo ya Cutlerville, ndugu yake Verna wa tumbo moja, ambaye kwa miaka mingi aliutamani mpira ule na kila Krismasi aliuomba, na kila Krismasi alipewa soksi tupu. Kando yake alikuja mwamuzi, Orrin Pell, mng'oa meno mstaafu, na ile dohani yake kichwani.

"Ewe Mwamuzi, mizani ya haki, mlinzi wa torati ya uwanja!" Elwood akalia. "Kosa limetendeka! Mpira huu si wa kuchezewa! Nipe ruhusa niutoe, nilete mwingine, nami nitakushukuru mpaka kaburini!"

Delbert akauona uzi wa buluu. Nilimwona akiuona. Uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeachiwa jikoni peke yake.

"Shemeji," akasema polepole, "mpira unaoanza mchezo ndio upi?"

Elwood akaufunika mpira kwa viganja.

"Sema, tusikie. Ulituambia kwa kinyozi. Ulituambia kwenye harusi yangu mwenyewe, nikiwa nakata keki!"

"Ndio unaomaliza," akasema Elwood.

"Na akishinda Cutlerville, unakwenda wapi?"

"Cutlerville."

"Haya basi. Mimi sina la kuongeza."

Ghafla Bwana Fairbank akatokea katikati yetu, anatweta, glavu juu, anapiga kelele tusiuguse kwa mikono ya jasho. Mwamuzi akamtazama kutoka chini ya dohani.

"Wewe una fulana ya timu?"

"Mimi ni mnunuzi!"

"Nimekuuliza fulana. Huna. Toka uwanjani kabla sijakung'oa."

Akatoka. Kutoka kivulini, ambako alikuwa akitafuna bunzi la mahindi, Verna naye akauliza: "Elwood! Hilo ni paa langu unalolikumbatia?"

"Ndilo, mpenzi wangu!"

"Basi usilitupe!"

"Sheria inasema nilitupe!"

"Hiyo sheria ilishawahi kupika chini ya tone?"

Watu wakacheka, lakini Elwood hakucheka, na mimi sikucheka. Angeweza kuondoka na mpira wake. Nani angemkimbiza mzee yule? Lakini anayeondoka uwanjani ameshindwa, na aliyeshindwa hutoa mpira, na sheria ni yake mwenyewe. Akasimama, akaubusu. "Sitaivunja leo kwa sababu inaniuma," akasema, na akautupa. Nasema akautupa kwa kumstahi. Ukweli ni kwamba ulifika nusu ya njia, nikaufuata kwa miguu.

Vita vikarejea. Mpigaji wao aliyefuata akauchapa kwangu, nao ukapita katika vidole vyangu hivi, nisemeje, muhogo haudaki. Akafika kituo cha kwanza. Sasa mtu mmoja kituoni, bao moja tu mbele, na aliyeshika gongo alikuwa Delbert Krause. Akipiga mbali, wanaingia wawili, tumekwisha: mpira unakwenda Cutlerville, paa linakwenda na mpira, na kila Krismasi hadi kufa kwake Elwood atauona kwenye kabati la shemeji yake, umeandikwa dhahabu.

Delbert akatema mate kwenye viganja. Akatazama pembe ya kulia. Akatabasamu.

Akapiga. Enyi wenzangu, alipiga! Gongo lilitoa sauti nzito, pu! na mpira ukapaa juu ya kituo cha kwanza, juu kuliko mahindi ya bwana jirani, ukawa nukta, kisha ukaanza kushuka pembe ya kulia, mahali pasipo na mtu ila mtu asiyedaka.

Elwood alikimbia. Simwongezei: alikimbia. Fulana ya sufu imemganda mgongoni, magoti yanalia kama bawaba za ghala, mdomo wazi. Akavua kofia ili auteke nayo kama mtu anayeteka maji, na hapohapo sheria ikamkumbuka au yeye akaikumbuka sheria, akaitupa kofia ile nyuma kwa ghadhabu kama aliyeshika nyoka. Mpira ukaanguka mbele yake. Ukapiga kichuguu cha fuko, ukaruka kando, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Elwood Tuttle hakuutazama mpira. Alifumba macho akajitupa. Ukampiga kidevuni, ukashuka kifuani, viganja vikaufunika, akaanguka kifudifudi, akabiringika, akalala chali.

Mwamuzi Pell akatembea kutoka pale wanapopigia mpaka pembe ya kulia kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, akainama, akavifungua viganja vya Elwood kidole kimoja kimoja.

"Umedunda mara moja," akasema. "Uko mikononi, si kofiani." Akajinyoosha, dohani ikagusa mbingu. "Mpigaji ametoka! Mchezo umekwisha!"

Nisiwafiche, nililia. Mimi na kidole changu. Tulimbeba Elwood, tukamshusha, kwa kuwa ni mzito, tukambeba tena. Delbert akabaki na gongo mkononi, anasema, "Yeye? Kati ya watu wote duniani, yeye?" Kisha uungwana ukamjia, maana hata Cutlerville kuna waungwana wachache; akavua kofia, akawaongoza watu wake kutushangilia mara tatu kama desturi, akamwendea Elwood.

"Shemeji, mpira ni wenu. Na nataka ujue, sijawahi kupiga vizuri vile."

"Ungeuona unavyozunguka," akasema Elwood. "Ungelia."

Hapo ndipo glavu nyeupe zikarudi. Fairbank akauchukua mpira, akaupigia lenzi, akaguna. Pigo jipya hapa. Doa la majani pale. Hapa, kitu gani hiki, damu ya kidevu? Akatikisa kichwa, akamrudishia Elwood.

"Umeanguka bei, Bwana Tuttle, umeanguka vibaya. Lakini mimi si mtu mbaya. Paa la jikoni bado linapatikana hapa. Mifereji sahau. Na nauchukua sasa hivi, kabla haujapatwa na balaa lingine."

Elwood akautazama mpira. Kisha akamtazama mkewe aliyekuwa anakuja, bunzi mkononi, akaunyoosha mpira kuelekea zile glavu.

"Chukua," akasema. "Nilimwapia."

"Weka mkono chini, Elwood," akasema Verna.

"Lakini paa..."

"Nimesema weka mkono chini." Akamkabidhi Delbert bunzi alishike, akapekua mkobani, akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Ya dhahabu. Alikuwa ameinunua kwa harusi ya mpwa wake. "Washindi huandika, au siyo? Au hiyo nayo ilikuwa hadithi?"

"Mama!" Fairbank akapiga yowe. "Ukiuandika hauna bei kabisa! Hata senti!"

"Mwenye glavu, nimekusikia." Akamgeukia mumewe, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Paa litangoja. Limezoea, na mimi nimelizoea. Lakini wewe, mume wangu, nimekuja kwenye uwanja huu miaka yote nikakutazama ukiipisha mipira kama wageni mlangoni. Leo umedaka. Na kwa jinsi ulivyoanguka, hutadaka tena. Leta hapa."

Elwood, yeye mwenye hotuba za kinyozi na za mazishi, akaubusu mpira mara moja tena. Akampa. Verna mwenyewe akashika brashi ile ndogo, akaegemeza mpira mgongoni mwa kaka yake, akaandika taratibu, ulimi nje kwa makini, tarehe, na Harlan Mills juu na Cutlerville chini, na mabao, kisha karibu na uzi wa buluu maneno haya: ELWOOD AMEDAKA.

Basi andikeni nanyi, enyi watunza tarehe, na wenye mawe ya kumbukumbu wayachonge! Miji imejengwa na kubomoka, marais wamekuja na kuondoka, na hakuna mmoja wao aliyedaka mpira kama huu, kwa macho yaliyofumbwa, kando ya kichuguu cha fuko, kwa haki na kwa sheria. Siku hiyo na ihesabiwe miongoni mwa siku kuu za dunia, na atakayebisha aje Harlan Mills anione, nipo kituo cha tatu.

Rangi ya kucha, hata hivyo, haikauki kwa hotuba. Verna akaushika mpira juu akasema upulizwe, ole wake atakayeugusa. Tukainama wote, Wakata Majani na Cutlerville, ndevu kwa ndevu, mwamuzi kavua dohani yake, Delbert bado na bunzi mkononi, tukapuliza. Na Bwana Lionel Fairbank wa Cleveland, baada ya kusimama peke yake kwa muda, alizivua glavu zake, akajipenyeza katikati yetu, akapuliza.